Pima mlima kwanza, pampu baadaye: jibu kwa mama wa Nyegezi

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Naishi Nyegezi hapa Mwanza, upande wa mlimani. Nyuma ya nyumba nina tanki la saruji la lita 15,000, nusu limechimbiwa chini, linapokea maji ya mvua kutoka kwenye paa la mita za mraba kama 120. Bustani inaanzia hapo kwenye tanki na kupanda mlima. Nimeikata ngazi tano katikati ya mawe. Matuta ukiyajumlisha ni kama mita za mraba 120: mchicha, sukuma wiki, nyanya, bamia na migomba michache. Kwa sasa wanangu wanapandisha maji kwa ndoo, na ngazi ya juu imeshatushinda. Dukani mmoja ananiambia nichukue pampu ya HP 1, mwingine anasema bila HP 1.5 maji hayafiki, na jirani anataka kuniuzia pampu yake ya petroli ya inchi mbili. Bomba litakuwa la mita kama 60. Nichukue ipi?

JIBU: Mama, hongera kwa bustani, na poleni sana na ndoo. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na kuipandisha ngazi tano za mawe kila jioni si kazi ya mtoto.

Jibu nalitanguliza, sababu zitafuata. Usichukue ya HP 1.5, wala hiyo ya petroli. Chukua pampu ndogo ya umeme ya nusu HP, bomba jeusi la HDPE (plastiki ngumu) la milimita 32, na tanki la plastiki la lita 1,000 uliweke juu kabisa ya bustani. Pampu iyapandishe maji mara moja tu, polepole, hadi kwenye tanki hilo. Kazi ya kuyagawa ngazi kwa ngazi uuachie mteremko, maana haulipiwi umeme na hauungui.

Ila kuna jambo moja ambalo hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyekuuliza: mlima wako una kimo gani? HP ni nguvu ya mota tu. Pampu mbili zote za HP 1, zimekaa rafu moja dukani, moja inaweza kusukuma maji hadi mita 60 juu lakini kidogo kidogo, na nyingine ikamwaga maji mengi sana ila ikachoka kwenye mita 30. Ukinunua kwa HP unanunua gizani. Pampu hununuliwa kwa namba mbili: maji yapande mita ngapi, na unataka lita ngapi kwa dakika.

Basi anza kwa kupima. Usitumie simu, kipimo cha mwinuko cha kwenye simu hukosea mita kadhaa, na kwa mlima mdogo kama wako kosa hilo ndilo tofauti ya pampu moja na nyingine. Mwombe fundi ujenzi mpira wa levo, ule mwembamba unaoonyesha maji ndani, wa mita 15 hivi, na utafute mti ulionyooka wa mita 2 kamili. Zamisha ncha moja ya mpira kwenye ndoo ya maji, vuta kwa mdomo upande wa pili, uache maji yatiririke mpaka mapovu yote yaishe. Angalia mpira wote kwa macho, kipande kwa kipande; povu moja likibaki kwenye sehemu iliyoinama, kipimo chote ni uongo.

Mtu wa kwanza asimamishe mti chini, pembeni ya tanki, na ashike ncha ya mpira kwenye kichwa cha mti. Mtu wa pili apande na ncha nyingine akiiweka karibu na ardhi, aende juu taratibu mpaka maji yatulie usawa wa kichwa cha mti kwa huyu wa chini, na usawa wa ardhi kwa huyu wa juu. Hapo mmepanda mita 2 kamili. Wekeni alama ya jiwe, hamishieni mti kwenye alama hiyo, mrudie. Mkihama, kila mmoja azibe ncha yake kwa kidole gumba, la sivyo maji yatamwagika na mtaanza upya. Wanao wawili wataimaliza kazi hii kwa saa moja.

Kwa maelezo uliyonipa, ngazi tano ndani ya bomba la mita 60, nakadiria mtapata hatua sita na nusu, yaani mita 13. Nitatumia namba hiyo. Nyie mkipata nyingine, badilisheni tu hesabu. Juu ya mita 13 ongeza kina cha tanki la saruji lililo chini ya usawa wa ardhi, tuseme mita 1.5, kwa sababu tanki likikaribia kuisha maji yanatoka huko chini. Ongeza na kimo cha tanki la juu: jukwaa la mita 1 na tanki lenyewe mita 1.3 hivi, jumla mita 2.5 kwa kuzidisha kidogo. Mita 13 na 1.5 na 2.5 ni 17. Hicho ndicho kimo halisi, maji yakiwa yametulia.

Sasa bomba. Maji yakitembea ndani ya bomba yanasuguana na kuta zake, na msuguano huo pampu inauona kama mlima mwingine juu ya mlima wako. Hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha zao bila kujua. Chukua lita 25 kwa dakika, yaani 1,500 kwa saa, kwenye mita 60 za HDPE. Bomba la milimita 32 linakuongezea mlima wa mita 1.2 tu. La milimita 25 linaongeza karibu mita 5. La milimita 20, lile rahisi ambalo dukani watakuambia linatosha, linaongeza mita 18, zaidi ya mlima wenyewe! Ndiyo maana mtu ananunua pampu ya HP 1.5 na maji bado yanachuruzika: pampu inapigana na bomba, mlima hauna kosa. Mpira wa bustani wa nusu inchi kwa urefu huo usiufikirie kabisa.

Weka milimita 32, ongeza kidogo kwa ajili ya elbo na valvu, na kimo chote ni kama mita 19 hadi 20. Kupandisha lita 1,500 kwa saa hadi mita 20 ni kazi ya wati 82 tu. Pampu ndogo hupoteza sehemu kubwa ya umeme wake njiani, lakini mota ya nusu HP ina wati 370, kwa hiyo nafasi ipo.

Dukani geuza pampu usome kibati chake, usisome boksi. Utaona H max na Q max. H max ni kimo ambacho pampu inashindwa kabisa, maji yanasimama. Q max ni maji inayotoa ikiwa haipandishi hata hatua moja. Hizo mbili hazitokei kwa pamoja, kamwe. Pampu ndogo za nusu HP zilizojaa madukani, zile zenye impela (gurudumu la ndani linalosukuma maji) ya shaba ya meno madogo madogo pembeni, kwa kawaida huandikwa H max mita 35 hadi 40 na Q max lita 35 hadi 40 kwa dakika. Kwa aina hii, ukipandisha nusu ya H max unapata zaidi kidogo ya nusu ya Q max. Kwa hiyo yenye H max 40 kwenye kimo cha mita 20 itakupa lita 20 hadi 25 kwa dakika, na tanki la lita 1,000 litajaa ndani ya dakika 40 hadi 50. Umeme utakaotumika hautafika nusu yuniti. Kanuni yangu ni kwamba kimo chako kiwe kati ya nusu na theluthi mbili ya H max. Ukipima ukakuta kimo chote kinazidi mita 27 hivi, hapo ndipo uende kwenye ya HP 0.75 au 1 yenye H max ya 55 au 60. Na ikiwa mlima wako kumbe ni mita 8 tu, pampu ya sentrifugo (ile yenye impela pana) ya nusu HP itakufaa zaidi, maana haiumizwi haraka na mchanga.

Mchanga, naam. Hiyo impela ya meno madogo inazunguka ikiwa imebanana na ukuta wa pampu, nafasi iliyobaki ni nyembamba kama karatasi. Mchanga mwembamba ukipita hapo unaisugua, nafasi inapanuka, na pampu iliyokuwa inapandisha mita 20 inaanza kushindwa mita 12 huku mota ikiwa nzima kabisa. Mtu anabadilisha kapasita, anabadilisha beringi, na shida iko kwenye impela. Kwa hiyo maji ya paa yasafishwe kabla hayajaingia tankini. Baada ya kiangazi paa lina vumbi, majani na kinyesi cha ndege; milimita ya kwanza ya mvua kwenye paa lako ni lita 120, na hizo ndizo chafu. Zipeleke kwenye pipa la pembeni lenye tundu dogo la kujimwaga lenyewe, likijaa ndipo maji yageukie tanki. Mdomo wa tanki uwe na wavu wa mbu. Halafu bomba la kuvuta lisiguse chini: mdomo wake ukae sentimita 25 juu ya sakafu ya tanki, matope yabaki huko yaliko.

Pampu yenyewe iweke juu ya mfuniko wa zege wa tanki, kama mfuniko ni imara, kwenye tofali moja ili maji yakimwagika yasiifikie, na uijengee kibanda kidogo cha bati chenye pande wazi. Ukiiweka chini pembeni utalazimika kutoboa ukuta wa saruji, au kupitisha bomba juu ya ukuta kisha kulishusha tena. Hilo la pili ni kosa baya: hewa hukaa kwenye kile kilele kama punda aliyegoma njiani na pampu haivuti tena. Bomba la kuvuta lipande moja kwa moja kuelekea pampu, lisiwe na nundu, na lisiwe jembamba kuliko mdomo wa pampu. Chini yake weka futi-valvu yenye chujio, ile inayozuia maji yaliyovutwa yasirudi tankini.

Kuvuta kwako kutakuwa mita 2.5 hadi 3, na hapo huna wasiwasi. Nalitaja kwa sababu vibati huandika kuwa pampu inavuta mita 8 au 9, na mwenye kisima kirefu huamini. Namba hiyo hupimwa usawa wa bahari. Ziwa letu liko karibu mita 1,134 juu ya bahari, hewa hapa inasukuma maji kwa nguvu pungufu, na zaidi ya mita moja ya uvutaji inapotea hapo hapo. Kwa Mwanza usipange kuvuta kupita mita 6, hata pampu ikiwa mpya.

Wengine watakushauri pampu ya kuzamisha tankini ili kuepuka habari ya kuvuta. Wazo ni zuri, ila angalia kibati tena: zile za bei nafuu za maji machafu, zenye waya na boya, nyingi huishia mita 7 au 8 za kimo. Zinatoa maji mengi shimoni, lakini kwako yatafika ngazi ya tatu yakome.

Kuhusu petroli ya jirani nitakuwa mfupi. Pampu ya inchi mbili hutoa mamia ya lita kwa dakika. Ni mashine ya mwenye ekari za mpunga au nyanya kando ya ziwa. Kwako italimaliza tanki zima kwa muda wa kupika chai na uji, itang'oa miche, na moshi wake ukitulia kwenye shimo la tanki unaua mtu bila yeye kuhisi harufu ya hatari. Mshukuru jirani, mwachie pampu yake.

Sasa bomba la kupandia, na hapa kuna njia ya kuokoa fedha. Si lazima uwe na bomba moja la kupandisha na jingine la kushusha. Lipeleke bomba la milimita 32 kutoka kwenye pampu hadi kwenye kitako cha tanki la juu, liingie kwa chini. Kwenye kila ngazi weka tii (kiungio cha njia tatu) yenye koki. Pampu ikiwaka na koki zimefungwa, maji yanapanda. Pampu ikizimwa, fungua koki ya ngazi unayotaka na maji yanashuka kwa bomba lilelile. Masharti ni mawili. La kwanza, weka cheki valvu (inayopitisha maji upande mmoja tu) juu ya pampu, pamoja na ile futi-valvu ya chini, maana futi-valvu ikinaswa na jani moja, maji yote ya juu yatarudi tankini usiku na asubuhi utadhani yameibwa. Kati ya cheki valvu na pampu weka yunioni (kiungio kinachofunguka bila kukata bomba), na juu ya cheki valvu geti valvu ya kufungia maji, ili siku ya matengenezo uifungue pampu bila kumwaga mlima mzima. Sharti la pili, ndani ya tanki la juu kipande cha bomba kisimame sentimita 10 kutoka kwenye kitako, ili tope lililotulia lisishuke bustanini.

Kwa kuwa Nyegezi huwezi kuchimba mtaro kwenye jabali, bomba litalala juu ya mawe. HDPE nyeusi inalivumilia jua, PVC ya kijivu haichukui muda mrefu inakakamaa na kupasuka. Lakini HDPE hurefuka ikipata joto: mita 60 zikitoka kwenye ubaridi wa alfajiri hadi jua la saa saba, zinaongezeka zaidi ya sentimita 30. Ukilivuta likanyooka kama kamba ya nguo, viungio vitachomoka. Lilaze likijipinda pinda kidogo kama nyoka, na ulishikilie kwa mawe kila baada ya mita chache bila kulibana. Tena jua likiwa kali, maji yaliyolala ndani hupata moto hasa. Yaache ya kwanza yaingie kwenye ndoo kabla hujamwagilia miche. Presha ya PN 6, yaani bomba la kuhimili baa 6, inakutosha (baa moja ni uzito wa maji ya mita 10); mlima wako hauzidi baa 2, na hata pampu ikisukuma dhidi ya koki iliyofungwa haitapita baa 4.

Tanki la juu likijaa ni tani moja na zaidi kidogo. Liweke juu ya mwamba wenyewe au jukwaa lililojengwa kutoka kwenye udongo mgumu, usiliweke ukingoni mwa ngazi uliyoijaza kifusi. Na nakuomba hili ulitilie maanani kuliko yote: bomba la maji yanayofurika kutoka tanki hilo lielekee kwenye migomba, mahali unapopaona, lisimwage kamwe nyuma au chini ya mawe makubwa. Maji yakichimba udongo unaoshikilia jiwe, jiwe hilo huteremka, na chini yake kuna nyumba yako na ya jirani.

Mgao nao una tabia zake. Kila mita 10 za kushuka ni baa moja. Ngazi ya juu itakuwa na mita moja tu ya kimo, maji yatakuja kwa upole, kwa hiyo tumia mpira mfupi wa robo tatu ya inchi. Ngazi ya chini kabisa ina zaidi ya mita 13, baa 1.3, mpira utaruka mkononi. Ukifungua koki zote kwa pamoja ya chini itachukua kila kitu na ya juu itavuta hewa. Anza juu, funga, ushuke. Kama utaweka mipira ya matone, ilaze ikifuata usawa wa ngazi, usiiteremshe mlimani, na weka chujio la diski kabla yake. Kwa ngazi mbili za chini presha itang'oa viungio vya mipira ya matone; weka pipa la lita 200 katikati ya mlima lenye koki ya boya, kama ile ya tanki la choo, na hizo ngazi zipate maji kutoka kwenye pipa hilo.

Fundi anaweza kukushawishi uache tanki la juu, uweke kontrola ya presha inayoiwasha pampu yenyewe ukifungua koki. Kwenye uwanja tambarare ni kifaa kizuri. Kwako kuna mtego: nyingi hutoka kiwandani zimepangwa kuwasha presha ikishuka hadi baa 1.5, yaani uzito wa maji ya mita 15. Bomba lako likiwa limejaa maji hadi koki ya juu, uzito wake unaukaribia huo, na mlima ukipimwa ukazidi kidogo zile mita 13 nilizokadiria, utaufikia au kuupita. Hapo utafungua koki, maji kidogo yatatoka, na pampu haitawaka, kwa sababu kontrola huko chini bado inaona presha ya kutosha. Watu wamerudisha kontrola nzima dukani kwa jambo hili.

Umeme usiupe fundi wa kubahatisha. Pampu iwe na sakiti breka yake, kifaa cha kukata umeme ukivuja cha miliampia 30, na waya wa erthi uliofika kwenye erthi rodi kweli. Kutoka nyumbani hadi tankini tumia waya wa milimita 2.5, mzima, usio na viungo vya kusokota na kufunga nailoni. Hakuna mtu kuingia tankini wala kugusa bomba la kuvuta swichi ikiwa imewashwa. Umeme ukiwa mdogo jioni, pampu huunguruma bila kuzunguka. Izime papo hapo, sekunde chache zaidi na mota imeungua. Pampisha asubuhi. Weka floti swichi kwenye tanki la chini ili pampu ijizime maji yakipungua, kwa kuwa pampu ikizunguka bila maji sili yake huungua kwa dakika chache na kuanza kuvuja kwenye shafti. Kwa tanki la juu, badala ya kuvuta waya mita 60, swichi ya saa ya dakika 45 inatosha, ikisaidiwa na lile bomba la kufurika.

Ikiwa kukatika kwa umeme kunakusumbua, pampu ndogo ya sola ya daiframu (ngozi ya mpira inayosukuma maji) ya volti 12 au 24 yenye paneli ya wati 100 inafaa sana kwa mpango huu wa tanki la juu. Inapandisha lita 200 hadi 250 tu kwa saa kwenye mita 20, lakini inafanya hivyo jua lote, na ndani ya saa tano umejaza tanki. Daiframu zake huchoka, kwa hiyo ulizia vipuri kabla ya kulipa.

Mama, kuna hesabu moja isiyohusu pampu, na ni lazima uijue kabla fedha haijatoka. Pampu haiongezi maji. Matuta yako ya mita za mraba 120 kwenye jua la kiangazi yanataka kama lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku, yaani lita 600. Tanki lako la lita 15,000 ni siku 25. Kuanzia Juni hadi Septemba ni siku 122. Ukitaka maji yafike mwisho, unapata lita 123 kwa siku, ambazo zinatosha mita za mraba 25 tu. Ziwa linaonekana pale chini likimeremeta, lakini maji ya tanki lako ndiyo hayo. Nguvu ya mpango huu iko kwenye vuli na masika, mvua inaporuka wiki mbili na miche ikaanza kunyauka, na kwenye Juni yote kumalizia nyanya. Mvua ya milimita 10 inakurudishia lita 1,000 hivi kutoka kwenye paa. Kiangazi kikikaza, bakiza ngazi moja ya mboga na kitalu, nyingine zifunike kwa nyasi.

Na kagua paa lenyewe kabla hujapampisha kila tone. Nyumba ikiwa imejengwa mlimani, gata la upande wa juu mara nyingi liko usawa wa ngazi ya kwanza au ya pili ya bustani. Tanki dogo likiwekwa pale juu ya jukwaa, chini ya gata hilo, litamwagilia ngazi za chini bila umeme wowote. Ulipime kwa mpira uleule wa levo.

Siku ya kuwasha, fungua kizibo cha juu cha pampu, mimina maji taratibu mpaka bomba la kuvuta na pampu vijae na mapovu yaishe, funga, ndipo uwashe. Maji yakitoka kwa kukohoa kohoa, hewa inaingia kwenye kiungio cha upande wa kuvuta: fungua, zungushia thread tepu mizunguko kumi na zaidi kufuata uelekeo wa kukazia, kaza tena. Yakitulia, panda juu na ndoo ya lita 20 na saa, chomoa bomba kwenye kitako cha tanki, uhesabu. Ndoo ikijaa kwa sekunde 45 hadi 60 uko sawa. Andika namba hiyo kwa rangi kwenye tanki na urudie kipimo kila mwanzo wa msimu. Siku itakapofika sekunde 80, kwanza safisha chujio la futi-valvu, kisha kagua kama cheki valvu inafunguka yote. Vyote vikiwa safi, ni impela, na impela peke yake huuzwa bila kununua pampu nyingine.